GRE: alama nageuza lini, namba najaribu lini?

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi, nina miaka 29, nipo kitengo cha chanjo katika hospitali ya wilaya. Naomba nafasi ya shahada ya uzamili ya epidemiolojia Marekani, na chuo kimoja kinataka matokeo ya GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili. Mtihani ni baada ya wiki saba. Milinganyo ya kawaida naiweza, hata yenye x kipeo cha pili. Zikija zile za kubwa kuliko na ndogo kuliko ndipo naanguka. Mfano niliulizwa x < 4/x. Nikazidisha pande zote kwa x, nikapata x² < 4, nikajibu kwamba x iko kati ya −2 na 2. Nikakosa, na maelezo ya jibu sikuyaelewa. Mwenzangu mmoja anasema niweke tu alama ya sawasawa, nikokotoe, halafu niirudishe alama ya mwanzo. Mwingine anasema niachane kabisa na kukokotoa, niwe najaribu namba. Yale maswali ya kulinganisha Kiasi A na Kiasi B nakosa karibu nusu, na muda unaniishia. Kuna kituo cha masomo ya ziada kinataka pesa nyingi. Nilipe? Au hesabu si zangu?"*

Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo linaloumiza. Mtu aliyeifikisha x² < 4 kuwa "kati ya −2 na 2" hawezi kuambiwa hesabu si zake. Wengi hapo huandika x < 2 na kuondoka. Ukokotoaji unao. Ulichokosa ni swali moja la kujiuliza kabla ya kila hatua, na ukilikosa hilo unaanguka kwenye maswali ya aina nyingi. Ndiyo maana unaona kama umeshindwa mambo kumi. Uliizidisha x pande zote bila kujua kama x ni chanya au hasi. Kosa ni hilo tu, na nakuhakikishia nusu ya yale unayoyakosa kwenye Kiasi A na Kiasi B ni kosa hilohilo.

Mlinganyo unakuuliza x ni ngapi. Hesabu ya kutolingana, yaani hiyo ya kubwa kuliko na ndogo kuliko, inakuuliza x inaweza kukaa wapi. Jibu lake ni eneo zima kwenye mstari wa namba, pengine maeneo mawili yaliyotengana. Kwenye mlinganyo unalinda usawa: chochote unachofanya upande huu ukikifanya na upande ule, usawa unabaki. Huku unachokilinda ni mpangilio, yaani nani yuko kushoto na nani yuko kulia. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila hatua ni hili: hiki ninachotaka kufanya, kitaacha mpangilio ulivyo au kitaugeuza?

Chukua 2 < 5. Ukiongeza 10 pande zote, namba zote mbili zinasogea kulia kwa mwendo uleule, na 12 bado iko kushoto ya 15. Ukitoa 10 zinasogea kushoto, −8 bado iko kushoto ya −5. Kujumlisha na kutoa hakujawahi kugeuza alama, hata kama unachotoa ni kikubwa kiasi gani, hata kama majibu yanakuwa hasi. Ukizidisha kwa 3 unapata 6 na 15, umbali umetanuka lakini mpangilio ni uleule. Sasa zidisha kwa −1. Unapata −2 na −5, na −5 ndiyo iko kushoto. Ni kama gwaride la shule likiambiwa "nyuma geuka": hakuna aliyebadilisha nafasi yake, lakini aliyekuwa wa mbele ndiye wa nyuma. Mstari wa namba umegeuka ukizunguka sifuri.

Kama hutaki kuamini gwaride, amini kutoa. Tuseme a < b. Toa a pande zote: 0 < b − a. Toa b pande zote: −b < −a. Hapo hatukuzidisha chochote, tumetoa tu, na tumefika palepale ambapo "kuzidisha kwa −1 na kugeuza alama" kungetufikisha. Nakuonyesha hili kwa sababu wengi walifundishwa kugeuza alama kama amri, na amri usiyojua ilikotoka huisahau ukiwa na presha. Ukijua ilikotoka unaweza kuitengeneza upya kwenye karatasi ya rafu kwa sekunde tano.

Tuweke sawa jambo moja linalowachanganya watu kila siku. Alama haigeuki kwa sababu umeona hasi mahali fulani. Inageuka pale tu unapozidisha au kugawanya pande zote kwa namba hasi. Kwenye 3x > −12 unagawanya kwa 3, jibu ni x > −4, na hasi ya 12 haihusiki kabisa. Kwenye 7 − 3x > 16, unatoa 7 na kubaki na −3x > 9, kisha unagawanya kwa −3 na hapo ndipo inageuka: x < −3. Ukiogopa kugeuza, peleka 3x upande wa pili iwe chanya: 7 > 16 + 3x, kisha −9 > 3x, kisha −3 > x. Ni jibu lilelile. Mimi huwashauri wanafunzi wangu wenye haraka watumie njia hii ya pili, kwa sababu inaondoa hatua yenye hatari badala ya kuikumbuka.

Sasa turudi kwenye x < 4/x yako. Ulipozidisha kwa x bila kugeuza alama, ulikuwa umedai kimyakimya kwamba x ni chanya. Kama x ni chanya, kweli unapata x² < 4, na kwa kuwa umeshasema x ni chanya, kinachobaki ni 0 < x < 2. Hiyo ni nusu ya jibu. Lakini x inaweza kuwa hasi, na hapo kuzidisha kwa x kunageuza alama: x² > 4. Miongoni mwa namba hasi, ambazo mraba wake unazidi 4 ni zile zilizo chini ya −2. Jibu zima ni x < −2, au 0 < x < 2.

Lipime. Jibu lako la mwanzo lilikuwa na −1 ndani yake. Weka −1: je, −1 ni ndogo kuliko −4? Hapana. Pia liliacha −3 nje. Weka −3: je, −3 ni ndogo kuliko −4/3? Ndiyo. Jibu lako lilijumuisha hata sifuri, ambayo haiwezi kukaa chini ya mstari wa sehemu. Kupima namba mbili, moja ndani ya eneo ulilopata na moja nje yake, kungekuonyesha kosa kwa muda mfupi kuliko uliotumia kuandika jibu. Tabia hiyo peke yake itakuongezea alama.

Kuna njia nyingine ya swali hilohilo ambayo huhitaji kugawa hali mbili, na kwa maswali magumu ndiyo ninayoipenda. Usizidishe kwa x. Hamisha kila kitu upande mmoja: x − 4/x < 0. Weka asili moja: (x² − 4)/x < 0. Vunja kwa vigawo: (x − 2)(x + 2)/x < 0. Sasa swali limekuwa jepesi: sehemu hii ni hasi wapi? Inaweza kubadili alama mahali ambapo kigawo kimoja kinakuwa sifuri, yaani −2, 0 na 2. Chora mstari wa namba, tia alama kwenye hizo tatu, na uchukue namba moja kutoka kila chumba, yaani kila kipande kilichotengwa na alama hizo. Juu ya 2, tuseme 3: chanya. Kati ya 0 na 2, tuseme 1: hasi. Kati ya −2 na 0, tuseme −1: chanya. Chini ya −2, tuseme −3: hasi. Unachukua vyumba vya hasi, na ni vilevile tulivyopata.

Hapa ndipo naweza kumtendea haki mwenzako wa kwanza. Ushauri wake wa kuweka alama ya sawasawa una ukweli ndani yake: mlinganyo unakupa mipaka. Ukikokotoa x = 4/x unapata 2 na −2, na hiyo kweli ni mipaka. Lakini haukupi sifuri, ambako usawa haupo ila sehemu inakosa maana na alama inaruka. Wala haukuambii ni upande upi wa mpaka. Ukitumia njia yake, ongeza mambo mawili: tafuta pia kila mahali ambapo asili inakuwa sifuri, na upime kila chumba kwa namba. "Kurudisha alama ya mwanzo" bila kupima ni kubahatisha.

Mraba nao una mtego wake. x² < 9 inakupa eneo moja lililofungwa, −3 < x < 3. x² > 9 inakupa maeneo mawili yanayokimbiana, x > 3 au x < −3. Anayetoa kipeuo cha pili pande zote na kuandika x > 3 amesahau nusu ya ulimwengu. Vivyo hivyo x² − x − 6 < 0 ni (x − 3)(x + 2) < 0, na vyumba vinakupa −2 < x < 3.

Halafu kuna ile mistari miwili iliyosimama, |x|, ambayo hukuiuliza lakini nina hakika inakusubiri. Vitabu vingi vinaanza kwa kukupa kanuni mbili za kukariri. Wewe huzihitaji, kwa sababu unaifanyia kazi kila siku. Jokofu la chanjo linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Ile chati unayoijaza asubuhi na jioni ina katikati yake, nyuzi 5, na unaruhusiwa kupotoka nyuzi 3 kwenda juu au kushuka chini. Kwa lugha ya hesabu, umbali wa t kutoka 5 usizidi 3: |t − 5| ≤ 3. Basi. Ukiona |x − 5| < 3, soma "umbali kutoka 5 ni chini ya 3" na uandike 2 < x < 8. Ukiona |x − 5| > 3, jokofu limeharibika, na linaweza kuharibika kwa njia mbili: limeganda au limepata joto. Ndiyo maana jibu lina maeneo mawili, x < 2 au x > 8. Na |2x + 1| ≥ 7? Ama 2x + 1 imefika 7 au zaidi, na x ≥ 3. Ama imeshuka hadi −7 au chini yake, na x ≤ −4. Mtihani unaweza pia kukugeuzia kibao: ukupe masafa kutoka 14 hadi 22 na kukuuliza yaandikwe vipi kwa mistari hiyo. Katikati ni 18, kila upande 4: |x − 18| ≤ 4.

Sasa mwenzako wa pili, wa kujaribu namba. Huyu yuko karibu zaidi na ukweli kuliko wa kwanza, hasa kwa maswali ya kulinganisha, lakini naye amesimulia nusu. Namba moja inaweza kubomoa dai. Namba mia haziwezi kulithibitisha. Ukilishika hilo, utajua lini ujaribu namba na lini ukokotoe.

Angalia maswali ya Kiasi A na Kiasi B yalivyojengwa. Majibu ni manne na hayabadiliki: A ni kubwa, B ni kubwa, viko sawa, au haiwezekani kujua. Jaribu namba moja yoyote inayoruhusiwa. Tuseme A imetoka kubwa. Papo hapo majibu mawili yamekufa: "B ni kubwa" na "viko sawa". Umebaki na "A ni kubwa" na "haiwezekani kujua". Kwa hiyo namba ya pili usiichague ovyo. Ichague kwa nia ya kubomoa, utafute mahali ambapo A itashindwa. Wanafunzi wengi hujaribu 2, halafu 3, halafu 5, wote majirani wenye tabia moja, kisha wanajibu kwa ujasiri. Hawakujaribu namba tatu hao, walijaribu moja mara tatu.

Namba zina mitaa, na kila mtaa una tabia yake: chini ya −1, kati ya −1 na 0, kati ya 0 na 1, na juu ya 1, pamoja na mipaka yenyewe −1, 0 na 1. Chukua 2: ukipanga kutoka ndogo, 1/x ni nusu, x ni 2, x² ni 4, x³ ni 8. Sasa chukua nusu: x³ ni 1/8, x² ni 1/4, x ni 1/2, na 1/x ni 2. Mpangilio umepinduka wote, na hata hasi hatujagusa. Chukua −1/2: 1/x ni −2, x ni −1/2, x³ ni −1/8, x² ni 1/4. Chukua −2: x³ ni −8, x ni −2, 1/x ni −1/2, x² ni 4. Mpangilio wa nne, tofauti na yote. Iandike mitaa hii kwenye karatasi yako ya rafu mwanzoni mwa mazoezi hadi iingie damuni. Na kumbuka, swali likisema x bila kusema ni namba kamili, x inaweza kuwa sehemu, desimali au kipeuo. Watunzi wa mtihani wanategemea kwamba utawaza 1, 2, 3 tu.

Nikupe swali linaloonyesha mahali ambapo kujaribu namba kunakusaliti. Kiasi A ni x² + 9, Kiasi B ni 6x, na hujaambiwa chochote kuhusu x. Jaribu 0: 9 dhidi ya 0. Jaribu 1: 10 dhidi ya 6. Jaribu nusu: 9.25 dhidi ya 3. Jaribu −1/2: 9.25 dhidi ya −3. Jaribu −2: 13 dhidi ya −12. Jaribu 10: 109 dhidi ya 60. Umezunguka mitaa yote na kila mara A imeshinda. Ukijibu A, umekosa. Toa 6x pande zote: sasa unalinganisha x² − 6x + 9 na sifuri, yaani (x − 3)² na sifuri. Mraba hauwi hasi, lakini x ikiwa 3 unakuwa sifuri, na viasi vinakuwa 18 kwa 18. Jibu ni "haiwezekani kujua". Namba zilikuambia A haishindwi kirahisi. Ukokotoaji ndio ulikuonyesha mahali pekee inapofikiwa.

Utaona nilichofanya hapo: niliyachukulia yale maswali ya kulinganisha kama hesabu za kutolingana ambazo alama yake imefichwa. Weka alama ya kuuliza katikati ya A na B, halafu tendea pande zote sawa. Kujumlisha na kutoa, ruksa wakati wowote. Kuzidisha na kugawanya, ruksa kwa kitu unachojua ni chanya tu. Usipojua, acha, jaribu namba.

Mfano wa pili, ambao sharti moja dogo linabadilisha kila kitu. Umeambiwa a > b > 0. Kiasi A ni a/b, Kiasi B ni (a + 1)/(b + 1). Kwa kuwa b na b + 1 ni chanya, unazidisha bila woga: a(b + 1) dhidi ya b(a + 1), yaani ab + a dhidi ya ab + b, yaani a dhidi ya b. Umeambiwa a ni kubwa, basi jibu ni A, na umethibitisha. Sasa futa ile "> 0" ubaki na a > b peke yake. Jaribu a = 1 na b = −1/2: Kiasi A ni −2, Kiasi B ni 2 gawanya kwa nusu, yaani 4. B imeshinda. Lakini a = 2 na b = 1 zinampa A ushindi, 2 dhidi ya 1.5. Jibu limekuwa "haiwezekani kujua" kwa sababu ya alama mbili zilizofutwa. Kwa hiyo ukiona sharti lililoandikwa juu ya viasi, lisome mara mbili kabla ya kugusa kalamu. Na kama viasi vyote viwili ni namba tupu zisizo na herufi, jibu la nne haliwezekani kamwe. Hiyo ni zawadi.

Mengine nitayapitia haraka. Unaweza kujumlisha hesabu mbili za kutolingana zenye alama zinazoelekea upande mmoja, lakini huwezi kuzitoa: x > 5 na y > 2 hazikupi x − y > 3, kwa mfano x = 6 na y = 10. Ukiulizwa thamani kubwa kabisa ya xy wakati x iko kati ya −3 na 4, na y kati ya −5 na 2, mipaka ikiwemo, usizidishe kubwa kwa kubwa na kuondoka. Zidisha pembe zote nne: 15, −6, −20 na 8. Kubwa ni 15, na imetoka kwa hasi mbili. Ukiulizwa namba kamili ngapi zinatimiza −2 < x ≤ 5, hesabu kwa kidole, −1 hadi 5, ni saba. Kosa la hapo hutoka kwenye kusahau ni mpaka upi umejumuishwa. Na mstari wa namba uliochorwa kwenye GRE huchorwa kwa vipimo sahihi, tofauti na maumbo ya jiometri ambayo hayana dhamana hiyo, kwa hiyo unaruhusiwa kuuamini kwa macho.

Kuhusu muda. Tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa. Upande wa hesabu una maswali 27 kwa dakika 47: sehemu ya kwanza maswali 12 kwa dakika 21, ya pili maswali 15 kwa dakika 26. Hiyo ni kama dakika moja na sekunde 44 kwa swali. Ugumu wa sehemu ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza. Ndani ya sehemu moja unaweza kutia alama swali, ukaendelea, ukarudi baadaye. Ukishaifunga sehemu, imefungwa. Kukosa hakupunguzi alama, kwa hiyo usiache swali hata moja tupu. Ukifika dakika mbili na nusu kwenye swali moja na huoni mwisho, bahatisha, tia alama, sogea. Yale maswali yanayokutaka uchague majibu yote yaliyo sahihi hayana alama ya nusu: ama umeyapata yote au hujapata kitu, na hapo ndipo kupima kila jibu kwa namba kunalipa. Kikokotoo cha kwenye skrini kipo, ila kwa maswali haya hakikusaidii sana, maana tatizo si ukubwa wa namba.

Sasa pesa. Kabla ya kulipa chochote, fungua ukurasa wa udahili wa kila chuo unachokiomba. Vyuo vingi vya Marekani vimeacha kudai GRE au vimeifanya ya hiari, na ndani ya chuo kimoja idara mbili zinaweza kutofautiana. Umesema chuo kimoja kinaitaka. Waandikie barua pepe uhakikishe kwa mwaka huu wa maombi, na uulize kama wana kiwango wanachokitegemea. Alama ni kati ya 130 na 170, na haina maana ujitese kutafuta 168 kama 158 inawatosha.

Kama bado unahitaji mtihani, ETS, ambao ndio wenye mtihani huo, wanatoa bure majaribio mawili kamili ya POWERPREP mtandaoni, pamoja na kitabu cha marejeo ya hesabu cha kupakua. Anza hapo. Fanya jaribio la kwanza wiki hii, kwa muda halisi, simu ikiwa mbali. Jaribio la pili lihifadhi hadi wiki mbili kabla ya mtihani. Ukilitumia mapema utakuwa huna kipimo cha kweli. Katikati hapo, fungua daftari la makosa. Usiandike tu jibu sahihi. Andika ni hatua ipi iliyogeuza au kupoteza mpangilio: nilizidisha kwa kitu nisichokijua, nilitoa kipeuo nikasahau hasi, nilijaribu mtaa mmoja tu, sikusoma sharti. Kwa mtu wa zamu, dakika 40 kila siku zinafaa kuliko saa sita za Jumapili ukiwa umechoka.

Anza na hili usiku wa leo: x³ < x. Miongoni mwa −2, −1, −1/2, 1/2 na 2, zipi zinaweza kuwa x? Usigawanye kwa x. Ukipata −2 na 1/2 peke yake, umeelewa sehemu kubwa ya barua hii.

Kituo cha masomo ya ziada si kibaya chenyewe, ila uliza utakachonunua. Kama wanakupa video na orodha ya mbinu za mkato, hivyo unaweza kuvipata bila kulipa. Kinachostahili pesa ni mtu anayekaa nawe, anakutazama ukikokotoa, na kukusimamisha kwenye hatua uliyokosea. Saa chache za namna hiyo kwa mwalimu mzuri wa kidato cha sita aliye karibu nawe zinaweza kukufaa kuliko kifurushi kizima. Mtafute baada ya wiki mbili za daftari, ukishajua makosa yako yako wapi, ili usimlipe akufundishe unayoyajua.

Kuna hali ambazo nakushauri usizibebe peke yako. Kama daftari linaonyesha kwamba makosa mengi ni ya kujumlisha hasi na chanya au ya sehemu, basi msingi una ufa, na huo unazibwa haraka ukikaa na mwalimu ana kwa ana kuliko kwa kusoma. Kama nyumbani unayapata yote lakini ukiwekewa saa mikono inatetemeka na kichwa kinakuwa cheupe, zungumza na mshauri nasaha au daktari mwenzako hapo hospitalini. Hilo lina msaada, na mazoezi zaidi ya hesabu hayalitibu. Na kama tangu utotoni umekuwa ukigeuza tarakimu unapozisoma au kuzinakili, tafuta tathmini ya mtaalamu, kwa sababu ETS huwapa muda wa ziada wenye uthibitisho. Maombi hayo lazima yakubaliwe kabla hujapanga tarehe, na yanachukua wiki kadhaa, kwa hiyo kama tayari una tarehe, waulize mapema namna ya kuihamisha. Siku ikipita vibaya, unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21. Angalia tu kama tarehe ya mwisho ya chuo chako inakuachia nafasi hiyo. Kama haiachi, badilisha tarehe sasa ili mtihani uwe wiki moja au mbili mapema zaidi, kabla nafasi hazijajaa.